UZI: Kufuatilia afya ya diski kwa smartmontools (Linux, FreeBSD na BSD nyingine)

#1 – Sekta512

Wakuu, uzi huu ni wa kila mwenye seva au kompyuta ya Linux au BSD anayetaka kujua kwamba diski inaumwa kabla haijakata roho. Naweka msingi, wenye ujuzi zaidi waongezee.

Diski hujipima yenyewe kwa mfumo uitwao SMART, na smartmontools (amri ya smartctl na huduma ya smartd) ndiyo inayousoma. Kwanza kabisa, mstari huu wa smartctl usikulaze usingizi:

```
SMART overall-health self-assessment test result: PASSED
```

PASSED inasema jambo moja tu: hakuna sifa ya kundi la Pre-fail ambayo thamani yake imeshuka hadi kizingiti alichoweka mtengenezaji. Vizingiti vyenyewe vimewekwa chini mno. Diski yenye mamia ya sekta zisizosomeka inaweza kuendelea kuandika PASSED hadi siku inapogoma kabisa. Ikiandika FAILED, hapo hakuna mjadala, okoa data kwanza.

Kusakinisha: Debian na jamaa zake ni `apt install smartmontools`, FreeBSD ni `pkg install smartmontools`, OpenBSD ni `pkg_add smartmontools`. Majina ya diski utayapata kwa `lsblk` kwenye Linux na `sysctl kern.disks` au `camcontrol devlist` kwenye FreeBSD. OpenBSD inataka diski nzima, yaani `/dev/sd0c`, na NetBSD kwenye x86 ni `/dev/wd0d`. Kisha, ukiwa root:

```
smartctl -x /dev/ada0
```

Tumia `-x` badala ya `-a` kila inapowezekana, kwa sababu inaongeza historia ya joto, takwimu za kifaa na kumbukumbu ndefu ya makosa. Hiki hapa ni kipande cha jedwali la sifa, nimepunguza safu ili lisomeke:

```
ID# ATTRIBUTE_NAME          VALUE WORST THRESH TYPE      RAW_VALUE
  5 Reallocated_Sector_Ct   100   100   010    Pre-fail  8
  9 Power_On_Hours          071   071   000    Old_age   26114
187 Reported_Uncorrect      096   096   000    Old_age   4
197 Current_Pending_Sector  100   100   000    Old_age   16
198 Offline_Uncorrectable   100   100   000    Old_age   16
199 UDMA_CRC_Error_Count    200   200   000    Old_age   0
```

Diski hii imewaka saa 26114, karibu miaka 3. Tazama 197: kuna sekta 16 zinazosubiri kuamuliwa, lakini VALUE bado ni 100 na THRESH ni 000. Kwa kizingiti cha sifuri, sifa hiyo haiwezi kufeli hata iweje. Ndiyo maana kinachosomwa ni safu ya mwisho, RAW_VALUE. Angalia pia kwamba 16 inagawanyika kwa 8. Diski nyingi zenye sekta halisi za baiti 4096 huhesabu kwa vipande vya baiti 512, kwa hiyo hapo zilizoharibika huenda ni sekta mbili tu.

Za kukodolea macho ni 5, 187, 188 (Command_Timeout, haimo kwenye kipande hiki), 197 na 198. Ya 199 ni habari ya kebo, tutafika huko.

#2 – pangu_pakavu

Shukrani mkuu. Swali: diski yangu ya Seagate inaonyesha 7 Seek_Error_Rate ikiwa na RAW_VALUE 205492642. Milioni mia mbili na ushee! Hii si imeshakufa?

#3 – HexaKumi

Iko salama, @pangu_pakavu. Seagate huweka namba mbili ndani ya uga mmoja wa biti 48: biti 16 za juu ni makosa, biti 32 za chini ni idadi ya mara kichwa kilipotafuta njia. Isome kwa heksadesimali:

```
smartctl -A -v 7,hex48 /dev/sda
```

Namba yako itatoka `0x00000c3f91a2`. Tarakimu nne za mwanzo ni 0000, maana yake makosa sifuri katika safari milioni 205. Ukiona 0001 au zaidi hapo mbele ndipo uanze kuuliza. Raw_Read_Error_Rate (1) nayo kwa Seagate hutoa namba kubwa za kutisha kwa sababu za namna hiyo hiyo, kwa hiyo usilinganishe na diski ya kampuni nyingine.

Mpangilio wa RAW_VALUE ni wa mtengenezaji, hakuna kiwango kinachomfunga. smartmontools huja na hifadhidata ya modeli, na `update-smart-drivedb` huileta iliyo mpya. Kama `smartctl -i` inasema `Not in smartctl database`, anza na hilo kabla ya kubishana na namba.

#4 – mlinzi_wa_zpool

Kuendesha smartctl kwa mkono ni sawa mara moja moja, ila kazi ya kila siku ni ya smartd. Faili ni `/etc/smartd.conf` kwenye Linux, `/usr/local/etc/smartd.conf` kwenye FreeBSD. Mtego wa kwanza: faili linalokuja na kifurushi huwa na mstari wa `DEVICESCAN`. Chochote ulichoandika chini yake hakisomwi. Weka `#` mbele yake, kisha:

```
DEFAULT -a -n standby,10,q -R 5! -C 197+ -U 198+ -W 4,48,55 -m root
/dev/ada0 -s (S/../.././02|L/../(01|15)/./03)
/dev/ada1 -s (S/../.././02|L/../(08|22)/./03)
```

Ufafanuzi wa vile visivyojieleza:

`-n standby,10,q` huiacha diski iliyolala iendelee kulala, lakini ikirukwa mara 10 mfululizo itakaguliwa hata kama italazimika kuamka. smartd hukagua kila sekunde 1800 usipoibadilisha, kwa hiyo hiyo ni kama saa tano.

`-R 5!` hufuatilia thamani ghafi ya sifa ya 5, na ile alama ya mshangao ndiyo inayofanya badiliko litumiwe barua pepe. Bila hiyo, litaishia kwenye kumbukumbu za mfumo ambazo hakuna anayezisoma.

`-C 197+` na `-U 198+`: ile jumlisha inamaanisha nitaarifu pale namba *inapopanda*. Bila jumlisha utaendelea kukumbushwa jambo lile lile hadi uanze kufuta barua bila kuzifungua, na hapo ufuatiliaji umekwisha.

`-W 4,48,55`: andika joto likibadilika digrii 4, andika tena likifika 48, onya likifika 55.

Ratiba husomwa aina/mwezi/tarehe/siku ya wiki/saa, na 1 ni Jumatatu. Hapo juu jaribio fupi hufanyika kila siku saa nane usiku, refu mara mbili kwa mwezi, na diski mbili za kundi moja hazifanyiwi jaribio refu usiku mmoja. Usiweke jaribio refu usiku wa scrub (ZFS inaposoma data yote kuikagua). Vyote viwili vitakokotana na vitachukua muda mrefu kuliko vingefuatana.

Kabla ya kuwasha:

```
smartd -q onecheck
smartd -q showtests
```

Ya kwanza hukagua faili na diski mara moja kisha hutoka, ya pili huorodhesha majaribio yaliyopangwa. Ongeza `-M test` kwenye mstari wa diski moja, anzisha smartd, uone kama barua inafika kweli. Mashine nyingi hazina mtumaji barua aliyesanidiwa, onyo linaishia hewani. Kama hutaki barua pepe kabisa:

```
-m <nomailer> -M exec /usr/local/bin/onyo.sh
```

Skripti itapokea `SMARTD_DEVICE`, `SMARTD_FAILTYPE` na `SMARTD_MESSAGE`, uzipeleke unakotaka.

FreeBSD: `sysrc smartd_enable=YES` kisha `service smartd start`. Unaweza pia kuweka kwenye `/etc/periodic.conf`:

```
daily_status_smart_devices="/dev/ada0 /dev/ada1"
```

ili hali ya diski iingie kwenye ripoti ya kila siku.

#5 – kijiti_cha_ram

Mkuu mlinzi, skripti yangu ya cron inaendesha `smartctl -a` na inapiga kelele kila siku kwa sababu msimbo wa kutoka si sifuri. Unatoka 64. Diski inasoma PASSED.

#6 – HexaKumi

Msimbo wa smartctl ni biti nane, kila moja na habari yake:

1 – amri imeandikwa vibaya
2 – kifaa hakikufunguka (au kimelala, ukitumia `-n standby`)
4 – amri mojawapo ya SMART imekataliwa
8 – diski yenyewe inasema inafeli
16 – sifa ya Pre-fail iko chini ya kizingiti sasa hivi
32 – iliwahi kushuka zamani, sasa imepanda
64 – kumbukumbu ya makosa ina kitu
128 – kumbukumbu ya majaribio ina jaribio lililofeli

64 yako inaweza kuwa kosa la miaka miwili iliyopita. Angalia `smartctl -l error` na ulinganishe saa iliyoandikwa kwenye kosa na Power_On_Hours ya leo. Kwenye skripti chuja zile nzito tu:

```
smartctl -a /dev/sda > /tmp/s.txt; rc=$?
[ $((rc & 24)) -ne 0 ] && echo "HATARI"
```

24 ni 8 na 16. Usiifanye iwe sharti pekee lakini, kwa sababu ile diski ya #1 yenye sekta 16 isingewasha biti yoyote kati ya hizo mbili.

#7 – Zawadi_ya_root

Tuje kwenye 197. Nimeona ushauri mtandaoni wa kuandika sifuri juu ya sekta mbovu ili namba ishuke. Utaratibu salama ni upi?

#8 – Sekta512

Elewa kwanza kinachoendelea. Diski ikishindwa kusoma sekta, haiwezi kuihamisha papo hapo kwa sababu haijui kilichokuwamo. Inaiweka kwenye orodha ya zinazosubiri. Uamuzi hufanyika pale sekta ile *inapoandikwa*: uandishi ukikaa sawa, sekta inarudi kazini na 197 inashuka. Ukigoma, inahamishiwa kwenye sekta ya akiba na 5 inapanda.

Kabla ya yote, bakapu. Kisha:

```
smartctl -t long /dev/sda
```

`smartctl -c` itakupa makadirio ya dakika. Yawekee nyongeza, diski yenye kazi nyingi husitasita. Matokeo:

```
smartctl -l selftest /dev/sda
# 1  Extended offline  Completed: read failure  50%  26120  1953520808
```

Asilimia ni ya kazi *iliyobaki*, na namba ya mwisho ni LBA (anwani ya sekta) ya kosa la kwanza. Ni la kwanza tu: jaribio husimama hapo, halikwambii lolote kuhusu nusu ya pili ya diski.

Kwa sekta za 4096, gawa kwa 8: 1953520808 / 8 = 244190101. Thibitisha kwamba kweli haisomeki:

```
dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=4096 count=1 skip=244190101 iflag=direct
```

Tafuta faili linalohusika. Kama ni ext4 na pati (partition) inaanzia sekta 2048, basi (1953520808 − 2048) / 8 = 244189845:

```
debugfs -R "icheck 244189845" /dev/sda1
debugfs -R "ncheck NAMBA_YA_INODE" /dev/sda1
```

icheck ikijibu `<block not found>`, eneo lile halina faili, umepona. Ikitaja faili, jua kwamba baiti 4096 za faili hilo zinakwenda, ulirudishe kutoka kwenye bakapu baadaye.

Toa pati kwa umount, ndipo uandike:

```
dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=4096 count=1 seek=244190101 oflag=direct
```

Kusoma ni `skip`, kuandika ni `seek`. Ukisahau `skip` ikabaki kwenye amri ya pili badala ya `seek`, utaandika mwanzoni mwa diski, juu ya jedwali la pati. Soma mstari mara mbili kabla ya Enter.

Usitumie `hdparm --write-sector` kwenye diski ya aina hii. Inaandika baiti 512 tu, kwa hiyo diski italazimika kusoma baiti 3584 zilizobaki za sekta ile ile isiyosomeka, na itashindwa.

Kisha endelea pale jaribio lilipoishia:

```
smartctl -t select,1953520808-max /dev/sda
```

Kwenye FreeBSD `/dev/ada0` haina kashe ya bloku katikati, hivyo `iflag` na `oflag` hazihitajiki.

#9 – mlinzi_wa_zpool

Naheshimu maelezo ya mkuu hapo juu, ila kama diski iko kwenye ZFS au RAID (kundi la diski lenye nakala), tafadhali dd iache mfukoni. `zpool scrub` ikikutana na sekta isiyosomeka inajenga data upya kutoka kwenye nakala nyingine na kuiandika, na huo uandishi ndio unaoilazimisha diski iamue. Data haipotei, na hesabu za LBA huzihitaji. Kwa mdadm (RAID ya Linux, yaani md):

```
echo check > /sys/block/md0/md/sync_action
```

Kosa la kusoma likitokea wakati wa check, md huandika upya kutoka diski nyingine.

Kasoro ya scrub ni kwamba inasoma sehemu zenye data peke yake. Sekta mbovu kwenye eneo tupu itabaki 197 mpaka eneo hilo litumike. Haina madhara, inaudhi macho tu.

#10 – pangu_pakavu

Sawa, lakini 197 ikirudi sifuri baada ya hapo, diski inaaminika?

#11 – Zawadi_ya_root

Kuna takwimu za hilo. Utafiti wa Google wa 2007 uliochunguza diski zaidi ya 100,000 ulionyesha kwamba baada ya kosa la kwanza la skani, diski ina uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya 56% ya diski zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote katika viashiria vinne vya SMART ambavyo utafiti uliviona vyenye nguvu zaidi. Backblaze nao, kampuni ya kuhifadhi data, wanaotazama zile tano za #1, waliandika 2016 kwamba 23.3% ya diski zao zilizokufa hazikuonyesha dalili kwenye hata moja ya tano.

Kwa hiyo dalili ikiwepo, ichukulie kwa uzito. Isipokuwepo, usijione salama.

#12 – Sekta512

Kipimo ninachoshauri: namba iliyopanda mara moja ikatulia, jaribio refu likapita, iache ifanye kazi kwenye kundi lenye nakala, kila wiki ukiitazama. Ikipanda tena, hata kwa 8 tu, agiza nyingine. Kwenye mashine yenye diski moja sisubiri mara ya pili. Na kama sekta zilianza kusubiri baada ya umeme kukatika ghafla, 197 ikashuka na 5 haikuguswa, huenda uandishi ulikatizwa katikati tu na uso wa diski ni mzima.

#13 – kijiti_cha_ram

199 inapanda kwangu. 5 na 197 ni sifuri.

#14 – HexaKumi

Kebo. Data imeharibika njiani kati ya diski na kontrola, ikagunduliwa, ikatumwa tena. Zima, chomoa ncha zote mbili, badilisha kebo ya SATA, andika namba iliyopo. Namba hiyo hairudi nyuma hata ukitengeneza, kwa hiyo unachopima ni kama imesimama. Ikiendelea kupanda na kebo mpya, badilisha mlango wa kontrola, kisha kagua kebo ya umeme na vigawanyishi vyake.

#15 – tundu_la_usb

Diski ya nje kwenye kasha la USB inajibu `Unknown USB bridge`. Vipi?

#16 – HexaKumi

Jaribu `smartctl -a -d sat /dev/sdb`. Ikikataa, `-d sat,12`, kisha `-d usbjmicron` kwa chipu za JMicron za zamani. Kwenye Linux baadhi ya makasha yanagoma kwa sababu ya uas (dreva ya USB ya kasi). Izime kwa kifaa hicho kwa kuweka `usb-storage.quirks=VVVV:PPPP:u` kwenye mstari wa keneli, namba zenyewe ni za `lsusb`. Mengine hayapitishi SMART kabisa, hapo diski itoke kwenye kasha iingie SATA.

Nyuma ya kontrola ya RAID: `-d megaraid,0`, `-d 3ware,0`, `-d cciss,0`, namba ni ya nafasi ya diski. FreeBSD yenye dreva ya mfi: `kldload mfip`, diski zitaonekana kama `/dev/pass0` na kuendelea. Diski za SAS hazina jedwali la sifa. Humo tazama `Elements in grown defect list` na safu ya makosa yasiyosahihishwa.

#17 – mlinzi_wa_zpool

Kabla hatujasahau, suala linalofukuza diski nzima kutoka kwenye RAID. Diski ya kawaida ya mezani ikikutana na sekta mbaya inaweza kung'ang'ana kuisoma kwa zaidi ya dakika mbili. Keneli ya Linux husubiri sekunde 30, ikichoka inaanzisha upya mawasiliano, na md inaweza kuitoa diski kwa sekta moja tu. Angalia kikomo cha muda wa kung'ang'ana (scterc), kisha kiweke:

```
smartctl -l scterc /dev/sda
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda
```

70 ni sehemu za kumi za sekunde, yaani sekunde 7. Diski nyingi husahau zikizimwa, kwa hiyo weka `-l scterc,70,70` kwenye smartd.conf. Isiyokubali kabisa, mwongezee keneli subira:

```
echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout
```

Hii nayo irudiwe kila mashine inapowashwa.

#18 – tundu_la_usb

Na SSD za NVMe? Naona hakuna ID yoyote humo.

#19 – Zawadi_ya_root

NVMe ina ukurasa mmoja uliowekewa kiwango, hauna mafumbo ya watengenezaji. `smartctl -a /dev/nvme0` kwenye Linux na FreeBSD, au `nvmecontrol logpage -p 2 nvme0` kwenye FreeBSD. Za kusoma:

Critical Warning iwe 0x00. Biti ya kwanza ni akiba imepungua, ya pili joto, ya tatu kuaminika kumeshuka, ya nne imegeuka ya kusoma tu.

Available Spare ilinganishe na Available Spare Threshold chini yake.

Percentage Used ni makadirio ya uchakavu kwa ahadi ya mtengenezaji. Inaweza kupita 100 na diski ikaendelea kufanya kazi.

Media and Data Integrity Errors iwe sifuri. Hii ndiyo inayokaribiana na 187.

Data Units Written: kila kizio ni baiti 512,000. Vizio 38,000,000 ni takriban TB 19.5.

Error Information Log Entries isikutishe peke yake. Hupanda hata keneli ikiuliza amri ambayo diski haiijui. Majaribio ya ndani ya NVMe kwa `-t short` na `-t long` yanahitaji smartmontools 7.4 kwenda juu.

#20 – kijiti_cha_ram

Wa mwisho mimi: nataka historia ya namba kwenye faili nichore grafu.

#21 – HexaKumi

Toleo la 7.0 kwenda juu lina JSON:

```
smartctl -n standby -j -A /dev/sda | jq -r --arg t "$(date +%F)" \
 '.ata_smart_attributes.table[]? | select(.id==5 or .id==187 or .id==197 or .id==198 or .id==199)
 | [$t,.id,.raw.value] | @csv' >> /var/log/sda.csv
```

Ile alama ya kuuliza baada ya `[]` inazuia jq isilalamike siku diski ikiwa imelala na jedwali halipo. Taja faili kwa namba ya mfululizo (serial number) ya diski badala ya `sda`, kwa sababu herufi huhama ukichomeka diski nyingine, na utajikuta unachora mstari mmoja wa diski mbili. Ndani ya smartd.conf nako tumia njia za `/dev/disk/by-id/` kwa sababu hiyo hiyo.